Kivuli Kilichoshinda Mahumbulu

Jumapili ya tarehe 14 Septemba 1997, saa kumi na dakika ishirini alasiri, msimamizi wa uchaguzi alisoma matokeo mbele ya wanachama waliokaa chini kwenye kiwanja cha shule ya msingi Mahumbulu. Kura zilizopigwa zilikuwa mia mbili thelathini na moja. Zilizoharibika, tatu. Picha ilipata arobaini na moja. Kivuli kilipata mia moja themanini na saba.

Hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea. Watu waliinuka, wakakung'uta vumbi kwenye nguo, wakaenda kurudisha mbuzi zizini.

Picha ilikuwa ya Marko Mahinyila, mgombea pekee wa uenyekiti wa chama katika kata hiyo ya milimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kibakwe. Aliyekuwa anaondoka, Mzee Elieza Chidosa, alikikalia kiti kwa miaka kumi na tisa, na Marko alikuwa mtoto wa dada yake. Fomu zilichukuliwa na watu wawili. Ya pili ilikuwa ya Luka Mnyawami, mkulima wa karanga na katibu wa kamati ya maji tangu bomba la kwanza lilipofika. Jina lake lilikatwa wilayani kwa sentensi moja: hakuonekana kuwa na uzoefu.

Chama hicho kilikuwa na desturi iliyobaki tangu zama za mgombea mmoja. Anayesimama peke yake hushindana na kivuli. Kushoto mwa karatasi ya kura huwekwa picha yake. Kulia huwekwa umbo jeusi la kichwa na mabega. Anayemtaka hutia alama chini ya picha, asiyemtaka chini ya kivuli. Kwa kuwa kivuli kilikuwa hakijapata kushinda popote, hakuna aliyeandika kanuni ya la kufanya kikishinda. Waraka wa mwaka ule ulisema tu kwamba atakayepata kura nyingi atashika kiti kesho yake, saa moja na nusu asubuhi.

Kivuli kilitengenezwa na Bi Batuli binti Swedi, karani wa ofisi ya kata kwa miaka ishirini na mitatu. Alizaliwa Mpwapwa mjini, katika ukoo uliokuja na misafara ya zamani ukabaki. Mahumbulu aliishi katika vyumba viwili nyuma ya ofisi pamoja na mama yake mzazi, Bi Jaha, ambaye hakuwa ameinuka kitandani tangu mvua za mwaka juzi. Vyumba vilikuwa vya chama. Aliyeacha kazi aliacha na vyumba.

Waraka uliagiza kivuli kiwe cheusi, chenye umbo la mtu, na ukubwa sawasawa na picha. Mfano haukuambatanishwa. Ndani ya jalada la uchaguzi kulikuwa na picha nne ndogo za Luka Mnyawami, zilizoletwa pamoja na fomu iliyokataliwa, na ukubwa wake ulikuwa ule ule. Zilikuwa hazina kazi tena. Bi Batuli alichukua moja, akaibandika kwenye kioo cha dirisha penye jua, akaweka karatasi juu yake, akafuata ukingo kwa penseli, halafu akajaza wino.

Alikuwa mtu wa kufanya kazi hadi mwisho wake. Luka, kama wanaume wengi wa rika lake, alitobolewa masikio utotoni, na ndewe zake zikavutwa hadi usawa wa taya. Ya kulia ilikuwa nzima, kitanzi kinachopitisha mwanga. Ya kushoto ilinaswa na pembe ya ng'ombe mwaka 1968 ikakatika, ikabaki inaning'inia kama ugwe. Yote mawili yalitokea kwenye mchoro. Bi Batuli aliyaona wino ulipokauka. Gari la Mpwapwa lilikuwa linaondoka baada ya nusu saa, na duka la fotokopi huko mjini lilikuwa moja tu. Aliikunja karatasi, akapanda gari. Baadaye alipojiuliza kama alikusudia, alijijibu kwamba hajui, na hilo ndilo jibu lililokuwa karibu zaidi na ukweli.

Jumatatu asubuhi alipofungua mlango, kivuli kilikuwa kimekaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Kilikuwa cha mtu mzima mzima, kichwa hadi nyayo, na kwa kuwa jua lilikuwa chini, kilikuwa kirefu kiasi cha kichwa kufika kwenye kabati la majalada. Bi Batuli alifagia chumba chote, akapita pembeni ya miguu yake.

Mzee Elieza alifika saa mbili kukabidhi ofisi. Alivua kofia mlangoni.

"Mbukwenyi," alisalimu kwa Kigogo.

Kivuli kiliinamisha kichwa.

Mzee alitoa ufunguo mfukoni, akakinyooshea. Ulipita kwenye kiganja cha kivuli ukaanguka sakafuni. Akakinyooshea mhuri. Nao ukaanguka.

"Hakishiki?" alimuuliza Bi Batuli.

"Hakishiki, mzee."

"Basi okota, mwanangu, uandike kimepokea."

Bi Batuli aliokota, akavitia kwenye droo, akaandika kimepokea. Mzee Elieza alitia saini upande wake. Upande wa pili ulibaki mtupu. Alikitazama kiti kwa muda, akavaa kofia.

"Na hivi hakili," alisema. "Posho za vikao zitapungua."

Luka Mnyawami aliingia uani saa tano. Kulikuwa na jua kali, na kila kitu kilichosimama pale kilikuwa na kivuli chake: mlingoti wa bendera, baiskeli, ndoo, kuku. Luka hakuwa nacho. Mchanga ulikuwa mweupe hadi kwenye kandambili zake.

"Hodi, Bi Batuli. Naambiwa kivuli changu kiko huku."

"Kipo ndani. Kinasikiliza watu."

"Watu gani?"

"Wa bomba. Wako saba. Keti, wewe wa nane."

Luka alikaa akasubiri zamu. Alipoitwa, alisimama mbele ya meza, akaweka nyayo zake juu ya nyayo za kivuli, ya kulia kwa ya kulia, ya kushoto kwa ya kushoto. Alikaa hivyo dakika kadhaa, kisha akapiga hatua moja nyuma. Kivuli kilibaki kitini.

"Nimeishi nacho miaka hamsini na minne," alisema. "Leo kimenipita cheo."

"Kina miaka mitano tu," alisema Bi Batuli. "Halafu kuna uchaguzi."

Kazi iliendelea. Kivuli kilikuwa ofisini kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa. Kati ya saa tano na nusu na saa saba kilijikusanya chini ya kiti hadi kikawa na ukubwa wa sinia, na saa hizo Bi Batuli hakupanga miadi. Watu walileta mashauri ya mipaka, ya ng'ombe walioingia mashambani, ya mahindi ya msaada, maana mwaka ule mvua zilikuwa zimekosa na kila kaya ilikula ugali wa mahindi ya njano. Kivuli hakikumkatiza mtu. Hakikumwambia mtu kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Mama mmoja wa Kibakwe, aliyekuwa akifuatilia shamba la marehemu mumewe kwa miaka saba, alitoka nje akasema ndiyo mara ya kwanza amefika mwisho wa maelezo yake.

Wiki ya tatu Marko alikuja na barua. Ilihusu ghala la kata, lililojengwa na wananchi kwa mikono yao mwaka 1974, wakati ushirika ulipokuwa hai. Ushirika ulipokufa, ghala lilibaki chini ya chama. Marko alikuwa amenunua mashine ya kusaga na alitafuta mahali pa kuiweka. Aliitandaza barua mezani.

"Mwenyekiti," alisema, "najua huwezi kusaini. Inamisha kichwa tu. Mama Batuli atashuhudia."

Kivuli, ambacho kiliinamia hata watoto waliotumwa kuomba kiberiti, hakikuinama. Marko alisubiri. Akakohoa. Akaisogeza barua mbele kidogo.

"Mama, huyu ananidharau."

"Hajasema kitu, Ndugu Marko."

"Ndiyo dharau yenyewe."

Siku hiyo hiyo Luka aliandika rufaa kwenda wilayani, kurasa mbili kwa mkono wake. Aliomba kamati itamke kwamba kivuli kilichochaguliwa ni chake, kwa hiyo waliokichagua walimchagua yeye. Jibu lilikuja upesi kuliko kawaida. Katibu wa wilaya, Ndugu Jamaldini, angefika Mahumbulu mwenyewe Alhamisi ya tarehe 9 Oktoba, saa nne kamili asubuhi, kusikiliza. Mlalamikaji afike bila kukosa.

Luka hakuwahi kumiliki saa. Tangu ujana alipima wakati kwa kuhesabu nyayo za kivuli chake: nyayo saba ni saa tatu, nyayo nne ni saa nne. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa saa moja kutoka ofisini, kwa hiyo ilimpasa kuondoka kwenye nyayo saba. Siku ile alipima kwa mpapai wa uani. Mpapai ulikuwa na kimo chake mara mbili, na hilo hakulihesabu. Kivuli cha mpapai kilipofika nyayo saba, Luka aliaga akashika njia, na wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa saa nne na robo.

Ndugu Jamaldini alifungua kikao kwa wakati. Yeye na Bi Batuli walikulia mtaa mmoja mjini, nyumba nne tu baina yao, na aliongea naye kama jamaa.

"Da Batuli. Mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko kitandani."

"Vyumba vile vya nyuma, paa halivuji?"

"Halivuji."

"Alhamdulillahi. Mvua za mwaka huu wanasema zitakuwa kubwa. Mgonjwa asije akahangaishwa." Akafungua jalada. "Wewe ndiye uliyechora kivuli."

"Ndiyo."

"Basi sikiliza vizuri. Kikiwa cha mtu, karatasi ya kura ilikuwa batili, uchaguzi umeharibika, na aliyeitengeneza ana la kujibu. Kikiwa si cha mtu, karatasi ni halali na kivuli kimeshinda kihalali. Kwa vile hakiwezi kusaini, anayekifuata kwa kura atakaimu. Nakuuliza kwa kumbukumbu za kikao. Ni cha mtu?"

Mezani walikuwa watu wanane. Kivuli kilikuwa kimemgeukia Bi Batuli. Mwanga wa dirisha ulipita kwenye kitanzi cha sikio la kulia ukatua ukutani, doa la ukubwa wa shilingi, na doa hilo lilikuwa halitikisiki. Nyuma ya ukuta huo huo Bi Jaha alikohoa mara mbili.

"Si cha mtu," alisema Bi Batuli.

"Andika."

Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa muhtasari, kwa hiyo aliandika. Kikao kilifungwa saa tano kasoro dakika kumi, na mlalamikaji akaandikwa hakufika. Gari la wilaya lilikuwa limekwisha kuvuka korongo Luka alipoingia uani saa tano na robo, jasho likimtoka, amevaa koti la kanisani.

"Nimewahi?"

"Kimekwisha."

"Wamesemaje?"

Bi Batuli alimgeuzia daftari. Luka alisoma mistari yote, pamoja na mahudhurio, akifuata kwa kidole. Alipomaliza alirudi kwenye mstari wa saba akausoma tena.

"Hata masikio?" aliuliza.

"Masikio hawakuuliza."

Marko alianza kukaimu tarehe 13 Oktoba. Aliwekewa meza ndogo pembeni, akawa anasaini barua za utambulisho na vibali vya ngoma. Kugawa mali ya kata hakukuwa katika uwezo wa kaimu. Kulihitaji mwenyekiti kamili, na mwenyekiti kamili alikuwa amekaa pale, kila siku ya jua, na katika Oktoba nzima na Novemba nzima hapakuwa na siku ambayo jua halikutoka.

Luka aliendelea kuishi bila kivuli. Wachungaji wawili walimwombea, mmoja wa dayosisi na mmoja wa makanisa mapya ya maturubai, na hapakutokea tofauti. Alifika kwenye vikao vya maji watu wakiwa wanatawanyika. Alifika kwenye mazishi ya binamu yake kaburi likiwa limekwisha kufukiwa. Mwishoni mwa Novemba kamati ya maji ilimchagua katibu mwingine, mwenye saa ya mkononi.

Siku mbili baadaye mkewe, Paulina, alikuja ofisini. Hakwenda kwa mwenyekiti wala kwa kaimu. Alikwenda hadi kwenye meza ya karani.

"Karibu, Paulina. Keti unywe maji."

"Maji ya chama sinywi." Alibaki amesimama. "Nimekuja kukuuliza neno moja, nijibiwe na macho yako, siyo daftari. Ulimchora hadi ndewe iliyokatika. Mkono wako ulimjua. Mdomo ndio uliomsahau?"

Bi Batuli aliinamia daftari.

"Usiku analala vibaya," alisema Paulina. "Anasema mwili mwepesi. Anasema upepo ukija atakwenda nao. Mtu wa kulima, mwenye kilo sabini! Mimi namcheka, halafu nikigeuka nalia." Alikaza kanga kiunoni. "Na huyo Bi Jaha wako, siku akiondoka, utaandika nini? Si wa mtu?"

Aliondoka. Kivuli chake kilimfuata hadi barabarani, kifupi, kimekaza mwendo.

Mawingu yaliingia Jumatatu ya tarehe 1 Desemba. Ndugu Jamaldini alikuwa amesema kweli. Wazee hawakukumbuka mvua kama zile. Ilinyesha usiku na mchana. Korongo lilibeba daraja la magogo, na gari la Mpwapwa likaacha kuja. Ofisini kulikuwa na giza la jivu, na watu waliongea bila kuonana vizuri nyuso. Hapakuwa na kivuli popote katika kata, si cha mtu, si cha ng'ombe, si cha mlingoti. Kiti cha mwenyekiti kilionekana kitupu.

Tarehe 8 Mzee Elieza alimtembelea mpwa wake akiwa na katiba ya chama ndani ya mfuko wa plastiki. Alimfungulia ukurasa. Mjumbe wa kamati, wa cheo chochote, akikosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa, atakuwa amejiuzulu.

Kikao cha kwanza cha dharura kiliitishwa Jumanne ya tarehe 9. Kilichukua dakika tisa. Bi Batuli alisoma majina ya wajumbe. Alipofika kwa mwenyekiti hakuna aliyeitika, akaandika hayupo. Kikao cha pili kilikuwa Jumatano, dakika kumi na moja, kwa sababu mjumbe mmoja aliomba mwavuli. Aliandika hayupo.

Jioni ya Jumatano alimlisha mama yake uji, akamfuta mdomo, akakaa ukingoni mwa kitanda na chemli mkononi. Kioo kilikuwa na masizi. Alikisugua kwa jivu na kitambaa hadi kikawa safi, akakata utambi sawasawa, akajaza mafuta kutoka kwenye chupa ya nyumbani.

"Umeme unakuja?" Bi Jaha aliuliza. Macho yake yalikuwa yamefumba.

"Hauji, mama."

"Mbona unasugua kama wanakuja wageni?"

Kikao cha tatu kilianza Alhamisi, saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba iliwabidi wajumbe wapaze sauti. Bi Batuli aliingia na daftari kwapani na chemli inayowaka. Aliiweka katikati ya meza, akarefusha utambi.

Kivuli kilikuwa mahali pake. Kilikuwa kimekaa kwenye kiti, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, na nyuma yake kilipanda ukutani hadi kwenye boriti, kitanzi upande mmoja na ugwe upande wa pili. Wajumbe wawili walisimama kwa heshima.

"Mbukwenyi, Mwenyekiti," alisema mmoja wao.

Kivuli kiliinamisha kichwa.

"Kumbe alikuwepo," alisema mwingine, kwa sauti ya mtu aliyeona kiatu chake chini ya kitanda. "Jana na juzi pia, bila shaka."

Marko alimtazama mjomba wake. Mzee Elieza alikuwa amealikwa kama mshauri. Hakuwa na kura, alikuwa na kiti tu.

"Batuli, mwanangu," alisema, "saa nne asubuhi hii, taa ya nini?"

"Sioni kuandika, mzee."

"Juzi uliona. Jana uliona."

"Na hayo mafuta ya chama—" alianza Marko.

"Ni mafuta yangu."

Mvua iliongeza kasi. Mzee Elieza alingoja ipungue ndipo akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayemsomesha mtoto, "Kikao kimeitishwa mchana. Kikao cha mchana kina mwanga wa mchana. Ukileta taa utakuwa umebadili masharti ya kikao, na hilo haliko katika uwezo wa karani. Na karani anayevuka uwezo wake, wilaya ina taratibu zake, za kazi na za makazi. Mimi sisemi. Nakumbusha."

Marko aliinuka, akanyanyua kioo cha chemli kwa ncha za vidole kwa sababu kilikuwa cha moto, akapuliza. Moshi ulipanda. Wajumbe wawili waliokuwa wamesimama walikaa.

"Endelea na mahudhurio," alisema.

Bi Batuli alifungua daftari. Alisoma majina ya wajumbe, mmoja mmoja, na kila mmoja akaitika. Jina la mwenyekiti lilikuwa la kwanza kwenye orodha, lakini alilisoma la mwisho. Mvua ilikuwa imetulia kidogo. Mjumbe aliyesema kumbe alikuwepo alikuwa anakwangua ukucha. Bi Batuli alikitazama kiti kwa muda wa kutosha kuhesabu hadi kumi. Kisha akaandika hayupo.

Ajenda ya pili ilimthibitisha Marko Mahinyila kuwa mwenyekiti kamili. Ajenda ya tatu ilimpa ghala. Kikao kilichukua dakika thelathini na nne. Jumatatu iliyofuata mashine ya kusaga iliingizwa ghalani, ikiwa imefunikwa turubai, na watu kumi na wawili waliisukuma kwenye matope kwa malipo ya debe la pumba kwa kila mmoja.

Jua lilirudi tarehe 22 Desemba. Kata nzima ilianika: magodoro, mahindi, Biblia, misahafu, viatu. Vivuli vyote vilikuwa mahali pake asubuhi hiyo. Bi Batuli alipofika kufungua ofisi, kile cha mwenyekiti hakikuwa ndani. Kilikuwa nje, barazani, kwenye benchi la wenye shida, kimekaa ncha ya mwisho karibu na ukuta.

Marko alifika saa mbili na pikipiki. Alikitazama, akamsalimia Bi Batuli, akaingia, akakaa kwenye kiti.

Luka alifika baadaye. Saa yenyewe hakuijua. Alikuwa na jembe begani na matope hadi magotini, kwa sababu ulikuwa wakati wa kupanda. Bi Batuli alimwingiza bila zamu.

"Shikamoo nikupe, au wewe ndiye unipe?" Luka alimwambia Marko. "Zamani nilikubeba mgongoni kuvuka korongo."

"Shikamoo, mzee Luka."

"Marahaba. Sina maneno mengi. Kiti umepata. Ghala umepata. Kivuli hakina kazi tena na ofisi. Nipe niende nacho, nina ekari mbili hazijaguswa."

Marko aliegemea nyuma. Hakuwa mtu mkatili. Alifungua jalada, akatafuta ukurasa, akauweka mezani ili Luka auone mwenyewe.

"Mimi sikikatai, mzee wangu. Nitakupaje? Wilaya imekaa, imesikiliza, imeandika kwamba si cha mtu. Kitu kisicho cha mtu kikikutwa ofisini, ni cha ofisi. Leta uthibitisho kwamba ni chako, mimi naandika kibali leo hii."

"Uthibitisho gani? Toka nje uyaone masikio."

"Wa maandishi."

Luka aligeuka. Bi Batuli alikuwa amesimama mlangoni na daftari la muhtasari kifuani, kwa sababu alidhani litahitajika.

"Bi Batuli," alisema Luka. "Si umwambie."

Nje, mtu alikuwa anagonga godoro kwa fimbo. Aligonga mara saba au nane.

"Imeandikwa, Luka," alisema Bi Batuli.

"Na nani?"

"Na mimi."

Luka alichukua jembe lake. Alitoka hadi barazani, lakini hakwenda shambani. Alikaa kwenye benchi, ncha ya huku, jembe katikati ya magoti. Kivuli kilikuwa ncha ya kule. Katikati palikuwa na nafasi ya watu watatu, na watu watatu walipokuja na shida zao walikaa pale, wakahudumiwa, wakaondoka.

Marko alitoka wakati wa kufunga ofisi. Alisimama mbele ya benchi akivaa miwani ya jua.

"Leo haitawezekana tena," aliwaambia. "Njooni baada ya mwaka mpya."

Aliwasha pikipiki. Bi Batuli alifunga dirisha, akafunga mlango, akauvuta mara mbili kuhakikisha. Luka aliinuka, akaweka jembe begani, akashuka ngazi, akavuka ua. Jua lilikuwa magharibi, na vivuli vyote vya pale vilikuwa vimelala kuelekea barabarani, alikokuwa anakwenda. Alipofika kwenye mlingoti alisimama, akageuka, akaita mara moja, kama mtu anavyomwita mwenzake wa safari.

Kivuli hakikuinuka.